Swali Kwanza, Kompyuta Baadaye: Kwa Mwalimu Mpya wa Insha za Utafiti

Mwalimu mwenzangu unayeanza mwaka huu, usiwapeleke wanafunzi kwenye maabara ya kompyuta siku ya kwanza. Mimi niliwapeleka. Kilikuwa kidato cha pili hapa Nakuru. Nikaandika ubaoni "Uchafuzi wa Ziwa Nakuru" na kuwapa kipindi kizima watafute. Karatasi nilizokusanya zilikuwa na aya zilezile, hata makosa ya tahajia yalifanana. Niliwakaripia. Nilipotulia nikatambua kuwa niliwapa mada, sikuwapa swali. Mtoto asiye na la kutafuta atanakili tu.

Muhula uliofuata tulianza na kalamu. Walijua kwamba heroe hawajai ziwani kama wazazi wao wanavyosimulia, wakataka kujua ndege wamekwenda wapi na kwa nini. Kila mmoja aliandika kisio lake na tarehe kabla ya kugusa kompyuta. Wengi walikisia maji machafu.

Ndipo tukafungua Google Earth, tukarudisha picha za setilaiti nyuma, mwaka baada ya mwaka. Darasa likanyamaza. Ziwa lililokuwa na kama kilomita za mraba 32 mwaka 2010 lilikuwa limepita 50 kufikia 2013, na lango kuu la mbuga likalazimika kuhama. Msichana mmoja akauliza: mbona maji yanaongezeka na ndege wanapungua? Swali hilo liliwapa kazi ya wiki tatu. Walisoma wakapata kwamba maji mengi ya mvua na mito huzimua magadi ya ziwa, mwani ambao ni chakula cha heroe ukapungua, nao wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Kisio la uchafuzi sikuruhusu lifutwe. Ilibidi waeleze ni ushahidi gani ulioliyumbisha na ni upi bado unalitetea. Aya hizo ndizo bora nilizowahi kusahihisha, kwa sababu huwezi kunakili jinsi ulivyobadilisha mawazo.

Wape pia daftari la vyanzo: nani aliandika, lini, na anazungumzia nini hasa. Wanafunzi wangu wawili waligombana juu ya idadi ya watu wa Nakuru katika sensa ya 2019. Mmoja alikuwa na 570,674, mwingine 2,162,202. Niliwaacha wabishane hadi wakarudi kwenye jedwali: wa kwanza alinukuu mji, wa pili kaunti. Tangu siku hiyo hakuna aliyeniandikia "Nakuru" bila kufafanua.

Kompyuta zikiwa chache, simu moja kwa wanafunzi wanne inatosha. Pakua picha mapema ukiwa na bando.

Wakileta jibu la programu ya akili bandia, usilichane. Waambie watafute chanzo cha kila dai kwa mikono yao na wapige mstari chini ya lile lisilo na chanzo. Mistari hiyo huwafunza haraka kuliko hotuba yangu.

Rasimu ya kwanza usiipe alama. Andika pembeni "Umejuaje?" kila unapoona dai tupu, kisha uirudishe. Tenga vipindi viwili kwa kazi hiyo pekee, na ukae nao mezani, mmoja mmoja, hata kama silabasi inakukimbiza.