Kupaka Heda za Ekzosi kwa Kauri: Ushauri kwa Fundi Anayeanza

Mteja anayeleta heda za gari lake, yaani mabomba yanayopokea gesi chafu pale inapotoka kwenye injini, zipakwe kauri mara nyingi huwa ameshaambiwa na wenzake kwamba gari litaongezeka nguvu. Wewe unayeingia katika kazi hii utakutana naye mapema sana, na kabla hujashika bunduki ya rangi yakupasa ujue ni kitu gani hasa unachomuuzia. Unamuuzia udhibiti wa joto na kinga dhidi ya kutu. Nguvu ya injini, ikiongezeka, huongezeka kwa kiasi kidogo na kwa sababu ya hayo mawili, na fundi anayeahidi nguvu za farasi kumi kabla hata hajafungua boneti anamharibia jina kila mwenzake anayeifanya kazi hii kwa uaminifu.

Tuanze na joto lenyewe. Gesi inayotoka katika silinda za injini ya petroli iliyobebeshwa mzigo mkubwa huwa na joto la nyuzi 800 hadi 950 za Selsiasi, na katika injini ya turbo (feni inayozungushwa na gesi ya ekzosi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) iliyoongezwa presha huweza kuzidi hapo. Ya dizeli huwa na joto dogo kuliko hilo. Heda huipokea gesi hiyo kabla haijapoa, na ukuta wa bomba lake kwa kawaida una unene wa milimita moja na nusu au mbili tu. Chuma cha kawaida hupitisha joto kwa wepesi, takriban wati 50 kwa mita kwa kila nyuzi moja. Stenlesi hupitisha kama wati 16, na zirkonia, ambayo ndiyo kauri ya mipako mizito, hupitisha wati 2 hivi. Joto likishavuka ukuta huondoka kwa njia mbili: hupasha hewa inayoigusa heda, na hutoka kwa mnunurisho, kama joto la jua linavyotufikia, kuelekea kila kitu kilicho karibu. Mnunurisho ndio unaoumiza zaidi, kwa sababu hukua kwa kipeo cha nne cha joto linalohesabiwa kuanzia sifuri halisi (nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi). Ukishusha joto la uso wa heda kutoka nyuzi 600 hadi 450, upungufu ambao kwenye kipimajoto ni robo tu, mnunurisho hushuka chini ya nusu ya ulivyokuwa, hata kama aina ya uso haikubadilika.

Faida hii utaiona waziwazi katika magari tunayoyahudumia kila siku. Katika Toyota Hiace nyingi injini iko chini ya viti vya mbele, na dereva wa daladala au matatu anayeshinda katika foleni huikalia siku nzima. Katika Subaru zenye injini ya EJ20, heda hupita chini kabisa ya injini, kando ya sampu (bakuli la oili), mahali ambapo kila dimbwi la maji hurushwa juu ya chuma kilichopata moto. Karibu na mabomba hayo kuna mipira inayokauka na kupasuka, nyaya zinazobabuka ngozi, na stata inayokataa kuzunguka injini ikiwa ya moto na kukubali ikipoa. Mteja akija na malalamiko ya namna hiyo yanayojirudia baada ya kubadilisha vipuri, huyo ndiye mtu wa kumweleza habari za kauri, hata kama hakuja kwa ajili hiyo.

Kuhusu kutu, chuma cha kawaida kikipita nyuzi 500 na ushei huanza kujimenya magamba kwa haraka, ndani na nje. Mjini Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, ambako hewa yenyewe ina chumvi, heda zisizolindwa huliwa pande zote mbili. Kwenye gari la turbo hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa gamba linalobanduka ndani ya heda husafiri na gesi moja kwa moja hadi kwenye mapanga ya turbo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mpako wa ndani uliofanywa ovyo ni mbaya kuliko kutopaka kabisa: ukibanduka, nao husafiri njia ileile.

Hapa kuna jambo ambalo wanafunzi wengi hawaambiwi. Ukipaka nje peke yake, chuma chenyewe hupata joto zaidi kuliko kilivyokuwa kikiwa uchi, kwa sababu umekizuia kupoa huku gesi ikiendelea kukipasha kutoka ndani. Utando hukikinga na oksijeni kwa nje, na hilo lina thamani, lakini kinga kamili ya chuma hupatikana pale ndani napo panapopakwa, ili joto lizuiwe kabla halijaingia ukutani. Sababu hiyohiyo ndiyo inayofanya ule utepe wa nyuzi unaozungushwa kwenye mabomba uue heda za chuma cha kawaida: hubana joto ndani ya chuma, kisha gari likioshwa au likipita majini hunyonya unyevu na kuukumbatia. Ukimwagikiwa na oili, huweza pia kushika moto. Mteja akitaka kuzungusha utepe juu ya heda ulizompakia, mkatalie na umweleze kwa nini.

Joto ulilozuia halikupotea. Limebaki ndani ya gesi na linakwenda mbele. Kwa injini ya turbo hiyo ni neema, kwani gesi yenye joto ina ujazo mkubwa na mwendo wa kasi, na turbo huamka mapema kidogo. Katalisti, kile kifaa cha kusafisha gesi ya ekzosi, nayo hufikia joto lake la kazi upesi baada ya kuwasha gari. Lakini bomba linalofuata baada ya heda litakuwa na moto kuliko zamani, kwa hiyo kagua ngao za joto chini ya sakafu na ukaribu wa mabomba ya mafuta na breki kabla ya kumrudishia mteja gari. Kuhusu hewa inayoingia kwenye injini, hesabu ni rahisi: ikipoa kwa nyuzi 10, hujaa kwa takriban asilimia 3 zaidi. Hata hivyo, faida hiyo humfikia tu mwenye gari linalovuta hewa kutoka ndani ya boneti. Linalovuta kutoka mbele ya rejeta halitaona tofauti kubwa likiwa barabarani.

Mipako yenyewe iko ya aina tatu unazopaswa kuzitofautisha. Ya kwanza ni ile inayong'aa kama fedha, yenye unga wa alumini ndani yake, ambayo kwa kawaida huvumilia hadi nyuzi 700 hivi. Hupendeza sana na uso wake unaong'aa hutoa mnunurisho mdogo, lakini ikizidishiwa moto hufifia na kuwa kijivu, nawe utalaumiwa. Ya pili ni nyeusi au ya kijivu isiyong'aa, inayotengenezwa kwa ajili ya joto la nyuzi 1,000 na zaidi, na hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa turbo bila kusita. Hizi mbili hupulizwa kwa bunduki ya kawaida na huwa na unene wa maikromita 25 hadi 50 tu. Ya tatu ni zirkonia inayoyeyushwa na kurushwa kwa plazma (gesi yenye moto mkali mno) juu ya tabaka la chini la nikeli na kromi, yenye unene wa maikromita 300 au karibu na hapo. Teknolojia hii imepitia katika vyombo vikubwa: injini ya roketi ya ndege ya X-15 ya Marekani ilipakwa zirkonia katika miaka ya 1960, na kampuni ya Zircotec ya Uingereza, ambayo chimbuko lake ni utafiti wa nishati ya nyuklia huko Harwell, huihudumia michezo ya Formula 1. Gereji ya kawaida haina mtambo wa plazma, na hakuna aibu kumwambia mteja hivyo. Ile rangi ya kopo inayouzwa madukani kwa jina la rangi ya moto ni rangi tu. Usiipulize na kuiita kauri.

Sasa tuje kwenye maandalizi, ambako kazi yote hufaulu au huanguka. Pokea heda, izungushe mkononi, na ugongegonge kila pindo kwa kishikio cha bisibisi. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya kufa. Tafuta nyufa kwenye maungio ya mabomba na flanji (bamba nene linalofungwa kwa nati kwenye injini), na uchomeleaji wowote ufanyike kwanza, maana huwezi kuchomelea juu ya kauri bila kuiharibu. Ikiwa bomba limebaki jembamba, mrudishie mwenyewe: ukilipuliza mchanga litatoboka, na hata likivumilia litakufa likiwa limepambwa.

Baada ya kuosha mafuta, ichome heda ndani ya oveni hadi moshi wote uishe. Manifoldi, yaani heda nzito za chuma cha kusubu, zinahitaji hatua hii kuliko zote, kwa kuwa vinyweleo vyake vimenyonya oili kwa miaka, na oili hiyo ikibaki itachuruzika siku ya kukausha na kuinua utando wako kwa malengelenge.

Kisha hufuata kupuliza mchanga, na hapa nakusihi unisikilize kwa makini. Usitumie mchanga wa pwani wala wa mtoni. Mchanga wa kawaida una silika. Ukipasuka kwenye chuma hutoa vumbi laini lisiloonekana ambalo hukaa ndani ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba. Kitambaa ulichojifunga puani hakizuii vumbi hilo. Mchanga wa pwani huongeza balaa la pili, kwa kuwa huacha chumvi kwenye chuma na kutu huanza chini ya utando kabla gari halijafika nyumbani. Tumia chembe za oksidi ya alumini au za ganeti, ndani ya kabati lililofungwa ikiwezekana, ukiwa na kinyago cha kuchuja vumbi kinachobana usoni. Chembe ziwe zenye kona kali, kwani mpako hushika kwenye mikwaruzo. Shanga za kioo hulainisha uso tu na kuunyima mpako mahali pa kushikilia.

Tangu hapo usiiguse heda kwa mkono mtupu, kwa sababu mafuta ya kidole yatajionyesha baada ya moto. Ukiwa pwani, chuma kilichotoka kupulizwa huanza kubadilika kuwa na rangi ya chai ndani ya muda mfupi. Pulizia mpako siku hiyohiyo, mapema kadiri uwezavyo, na ukiona rangi hiyo imeshatokea, rudia kupuliza mchanga. Kompresa iwe na kichujio cha maji, na tangi lake limwagwe maji kila asubuhi. Ziba nyuzi za skrubu za tundu la sensa ya oksijeni na uso wa flanji unaokaa kwenye gasketi. Pulizia tabaka jembamba lililo sawa: fundi mgeni hudhani unene ni uimara, lakini mpako huu ukizidi unene uliopangwa hupasuka.

Wakati wa kukausha, fuata joto na muda uliowekwa na mtengenezaji wa mpako, ambao kwa ile inayohitaji oveni mara nyingi huwa kati ya nyuzi 250 na 370. Muda huo huhesabiwa tangu chuma kilipofikia joto, wala si tangu oveni ilipofikia. Flanji yenye unene wa milimita 10 huchelewa sana nyuma ya bomba la milimita moja na nusu. Funga waya wa kipimajoto kwenye flanji yenyewe, mahali pasipopakwa, na uanze kuhesabu dakika pale flanji inapofika. Mafundi wanaosoma namba ya mlango wa oveni hutoa heda ambazo mabomba yake ni magumu na flanji zake hukwaruzika kwa kucha.

Injini iliyofanyiwa ovaholi karibuni isiwashwe na heda mpya zilizopakwa. Wakati wa kutafuta taimingi na mchanganyiko wa mafuta, cheche iliyochelewa hupeleka moto mkubwa kwenye ekzosi, na mpako unaong'aa hauvumilii. Mwombe mteja atumie heda za zamani mpaka injini itulie, kisha abadilishe.

Siku ya kufunga, tumia gasketi mpya, futa alama zote za vidole kwa kitambaa safi chenye asetoni, na umweleze mteja kwamba moshi mwepesi wa mwanzoni ni wa kawaida. Injini iungurume taratibu kwa dakika kama kumi bila kukanyagwa, izimwe, ipoe kabisa hadi mkono uweze kugusa bomba, na irudiwe hivyo kabla gari halijaingia barabarani. Baada ya wiki ya matumizi alirudishe ukaze upya nati za flanji, kwa kuwa chuma kilichopata moto na kupoa mara nyingi hulegeza, na gesi inayovuja pale hukata gasketi na kuchoma utando ukingoni kwanza.