"Wǒ dǎ nǐ" siyo "nitakupigia"

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimejifunza dǎ ni "piga" na dǎ diànhuà ni kupiga simu. Juzi nikamtumia voisi Mchina anayeniuzia mzigo Guangzhou, "míngtiān wǒ dǎ nǐ", yaani kesho nitakupigia, akanirudishia alama za kuuliza tupu. Nimekosea wapi? (Mfanyabiashara, Kariakoo)

Jibu: Marhaba. Umemwambia kesho utampiga, kumpiga kweli, makofi. Sisi tukisema nitakupigia ile i ndo inabeba "kwako", ukiitoa inabaki nitakupiga. Kichina hakina kiambishi kama hicho, kazi hiyo inafanywa na neno gěi, kwahiyo sema "míngtiān wǒ gěi nǐ dǎ diànhuà", na diànhuà usiiache.

Sasa hii ya "dǎ = piga" inanichosha jamani, kila wiki naletewa pdf ya wasapu imeandikwa hivyohivyo. Shida ni kwamba mwanzoni inakubali, dǎzhēn piga sindano, dǎ pēntì piga chafya, dǎ hāqian piga miayo, basi mtu akiona tatu zimeingia anajimwaga anapiga kila kitu kwa dǎ, wakati picha ni pāizhào, mswaki ni shuāyá, kura ni tóupiào. Halafu dǎgōng ni kufanya kibarua, dǎchē ni kuchukua teksi, hapo piga iko wapi? Basketi unasema dǎ lánqiú ila mpira wa miguu ni tī zúqiú, maana dǎ ni ya mkono, hata ukiangalia herufi yenyewe 打 ule upande wa kushoto ni alama ya mkono. Kitenzi hiki unakishika pamoja na nomino yake, ndani ya sentensi, hakuna njia nyingine.

Na hawa wanaouza "maneno 1000 kwa wiki mbili" hata alama za toni, vile vialama vya juu ya irabu vinavyoonyesha sauti inapanda au inashuka, hawaweki, wanaandika da tu, dǎ na dà ambayo ni kubwa zote zimekuwa kitu kimoja, hela wameshachukua. Mnaoenda kufunga mzigo ndo mnaumia zaidi, maana kwenye orodha zao dǎzhé ni "punguzo" basi, mtu anaona dǎ bā zhé, bā ni nane, anafikiri amepunguziwa asilimia 80, kumbe bā zhé maana yake unalipa 80, umepunguziwa 20 tu, na ameshaagiza katoni kumi.