Kuandika wasia ni kujichuria kifo?

SWALI: Assalamu alaikum Shekhe. Mimi ni mtu mzima, mkazi wa Majengo, Mombasa. Nina mke, mtoto mume na mabinti wawili. Mwanangu mwengine alifariki akaniachia wajukuu, nami ndiye niwaleao. Nataka kuandika wasia, lakini ndugu yangu anipinga: asema ni kujichuria kifo, na kwamba Mwenyezi Mungu ameshagawa mirathi. Ni kweli?

JIBU: Waalaikumu salaam warahmatullah. La, mzee wangu, wasia hausogezi ajali, yaani siku ya kufa. Mtume (s.a.w.) amesema haimpasi Muislamu mwenye kitu cha kuusia kulala nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa. Wapokezi ni Bukhari na Muslim.

Mafungu yamegawiwa, hapo ndugu yako amesema kweli. Lakini Suratun Nisaa, aya ya 11 na 12, inakariri kwamba ugawaji ni baada ya wasia na deni. Deni lako nani atalijua usipoliandika? Anza na mahari. Waume wengi wa hapa petu huoa kwa mahari ya kuahidi, miaka ikapita, watu wakasahau. Kama hujamlipa mkeo, hilo ni deni, hulipwa mwanzo, kisha ndipo apewe thumuni yake, yaani fungu moja katika manane.

La pili ni nyumba, kama unayo. Majengo nyumba nyingi ni nyumba bila ardhi. Ikiwa yako ni hivyo, andika kiwanja ni cha nani, kodi yake umelipa mpaka mwezi gani, na risiti ziko wapi. Nimeona ndugu wakitetea ardhi ambayo baba yao hakuwa nayo hata futi moja.

Sasa wajukuu, na hapa ndipo penye uzito. Maadamu mwanao mume yu hai, wao hawarithi kitu. Ukinyamaza, watatoka mikono mitupu, wala usitegemee huruma ya ami yao siku ya kugawa. Waandikie wasia, usipite thuluthi ya kinachobaki baada ya maziko na madeni. Sahaba Sa'd bin Abi Waqqas alipotaka kuusia zaidi, Mtume alimwambia: thuluthi, na thuluthi ni nyingi. Mke na wanao usiwausie, kwani hakuna wasia kwa mrithi, isipokuwa warithi wengine waridhie ukishafariki. Ukitaka kumpa mmoja wao kitu, mpe sasa ungali hai na umkabidhi kweli. Na watoto wafanyie uadilifu.

Jina uliloandikisha katika chama au Sacco lisikudanganye pia. Katika sharia huyo ni mpokeaji tu, zile pesa ni za warithi wote.

Weka mashahidi wawili waadilifu, wasiwe katika hao unaowausia. Karatasi usiifungie sandukuni peke yako. Mkeo na shahidi mmoja wawe na nakala. Mkikhitilafiana, Mahakama ya Kadhi ipo, lakini Kadhi naye atauliza karatasi.

Wallahu aalam.