Maswali ya Wasomaji: Je, Gari la Spoti la Bei Nafuu Lahitaji Nguvu Zaidi Ili Liburudishe?

SWALI: Assalaam aleikum Bwana Mhariri. Mimi ni mkazi wa Malindi, na mwaka jana nilinunua Toyota 86 ya mwaka 2014, ya gia za mkono, kutoka kwa mtu wa Mombasa. Gari nalipenda, lakini kila nikiegesha karibu na marafiki zangu wenye Subaru za tabo, yaani zenye kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, huniambia kwamba nguvu za farasi 200 ni chache mno kwa gari lenye sura kama ile, na kwamba sitaijua raha yake mpaka nilifungie tabo. Fundi mmoja ameshanipa bei, nayo ni karibu robo ya fedha nilizolinunulia gari. Mimi mwenyewe naona kweli kuna wakati linazembea, hasa ninapotaka kulipita lori njia ya Gede nikiwa gia ya nne. Je, niongeze nguvu, ama gari hili liliundwa lifurahishe vivyo hivyo lilivyo? (Msomaji wa Shella, Malindi)

JIBU: Waaleikum salaam, ndugu yetu. Ushauri wangu ni kwamba usifunge tabo, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu fedha unazotaka kutumia ni nyingi, na gari ulilo nalo ni zuri kuliko wanavyokwambia hao marafiki zako.

Kwanza nikubali kwamba hilo unalolihisi lipo. Injini ya lita 2.0 ya 86 ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 2012 pamoja na pacha wake Subaru BRZ, hutoa nguvu zake zote za farasi 200 inapozunguka mara 7,000 kwa dakika, na nguvu yake ya kuvuta, ambayo ni nyutoni mita 205, hufika kilele baada ya mizunguko 6,400. Katikati hapo, takriban kati ya mizunguko 3,500 na 4,500, mvuto hushuka kama unaoingia bonde badala ya kuendelea kupanda. Sasa piga hesabu ya gia zako: ukiwa kilomita 80 kwa saa kwa gia ya nne, injini inazunguka takriban mara 3,400, yaani umefika mlangoni pa bonde lenyewe, na ukikanyaga mafuta wakati huo unaliingiza gari palipo na mvuto hafifu kabisa. Lori likiwa linakwenda kilomita 60, ushuke hadi gia ya pili, ambapo injini itakuwa karibu na mizunguko 4,600 na bonde limekwisha kubaki nyuma. Wengi waliozoea magari ya tabo huona haya kushuka gia mbili kwa mpigo, wakidhani wanaitesa injini, ilhali injini hii iliundwa kwa ajili hiyo hasa, na mlio wake hapo juu ndio unaokwambia kwamba sasa inafanya kazi.

Waundaji wenyewe waliliona tatizo hilo. Walipotoa kizazi cha pili mwaka 2021, walitia injini ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 235 kwa gari linalouzwa Japani, na muda wa kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa ukapungua kutoka sekunde 7.6 hadi takriban 6.3. Ongezeko la farasi 35 si kubwa kwa zama hizi ambapo hata gari la familia laweza kuwa na farasi 300. Jambo kubwa ni kwamba nguvu ya kuvuta ilifika nyutoni mita 250, na kilele chake kikaletwa kwenye mizunguko 3,700, mahali pale pale palipokuwa na bonde. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama 86 ya kwanza ilikuwa na upungufu, nitasema ulikuwapo, nao ulikuwa katikati ya mizunguko na wala si kileleni, na tabo kubwa inayokuja kuamka baada ya mizunguko 4,000 itakuongezea nguvu usipozihitaji na kukuacha vile vile ulivyo nyuma ya lori.

Tuje kwenye raha yenyewe. Gari lako lina uzito wa takriban kilo 1,240, na pistoni za injini yake zimelazwa ubavu zikielekeana, jambo linalouweka uzito chini karibu na lami. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na ya mbele yamebakia na kazi ya kukata kona. Toyota, chini ya mhandisi mkuu Tetsuya Tada, walilitia matairi ya upana wa milimita 215 tu, aina ya Michelin Primacy, ile ile iliyofungwa kwenye baadhi ya Prius, gari la Toyota la kubana mafuta. Watu walilishangaa hilo, lakini lina maana yake. Tairi jembamba lisiloshika kwa ukali huanza kusema na dereva mapema: ukiingia kona kwa mwendo wa wastani, utahisi uzito ukihamia tairi la mbele la nje, usukani ukiwa mzito kidogo mikononi, ukiachia mafuta kiasi tu, pua itajivuta ndani ya kona, ukiyarudisha taratibu, mgongo wa kiti utakwambia kwamba magurudumu ya nyuma yameanza kushiriki katika kugeuza gari. Mazungumzo hayo yote hutokea katika mwendo ambao mtu aweza kusahihisha kosa lake. Lifungie gari hilo hilo matairi mapana na farasi 300, na mazungumzo yatahamia kwenye mwendo ambao barabara zetu haziwezi kuubeba, kwa kuwa nishati ya gari hupanda kwa mraba wa mwendo wake, na gari linalokwenda kilomita 140 lina karibu mara mbili ya nishati ya linalokwenda 100.

Na hapa pana jambo ambalo wanaohesabu farasi peke yake hawalitazami. Gia yako ya pili, ikivutwa mpaka mwisho wa mizunguko, hufika takriban kilomita 96 kwa saa. Sheria ya Kenya inaruhusu gari dogo kilomita 100 kwenye barabara kuu kama hii yetu ya Mombasa, na kilomita 50 mjini. Maana yake ni kwamba gia mbili za kwanza zinatosha kuumaliza karibu mwendo wote wa halali, na kila farasi unayemwongeza anaufupisha muda ambao wewe unakanyaga mafuta hadi chini, unasikiliza injini ikipanda na kungojea wakati wa kubadilisha gia. Ukishafika mwendo wako na kutulia kwenye ule mnyoosho wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kulisukuma gari dogo kama lako kwa kilomita 100 hakuhitaji hata farasi 20. Wengine 180 wanakaa bure. Mimi naamini kwa dhati kwamba gari ambalo dereva anaweza kulitumia lote, hata kwa sekunde chache, ndilo linalomfurahisha zaidi kuliko lile analolishikia hatamu toka nyumbani hadi kazini.

Historia ya magari haya inaniunga mkono. Toyota AE86 ya mwaka 1983, ambayo gari lako lilipewa jina kwa kuienzi, ilikuwa na injini ya lita 1.6 na uzito usiofika tani moja. Mazda MX-5 ilipozinduliwa mwaka 1989 ilikuwa na farasi wapatao 116, na kufikia mwaka 2016 zilikuwa zimeundwa milioni moja, idadi ambayo hakuna gari jingine la spoti la viti viwili lenye paa la kufunguka lililoifikia. Ukigawanya nguvu kwa uzito, MX-5 hiyo ya kwanza ilikuwa na farasi karibu 120 kwa kila tani, nawe unao 160. Upo mpaka wa chini, bila shaka, kwa kuwa gari lisiloweza kuingia barabara kuu bila kumlazimisha wa nyuma afunge breki halimfurahishi mtu. Kwa maoni yangu mpaka huo uko karibu na farasi 100 kwa tani, nawe umeshaupita mbali.

Kuhusu tabo yenyewe, injini yako hubana hewa kwa uwiano wa 12.5 kwa 1, ambao ni mkubwa na uliwekwa kwa ajili ya injini isiyo na tabo. Ukiisukumia hewa zaidi, petroli huweza kujiwakia kabla ya wakati na injini ikagonga kwa ndani, na joto la Malindi la mwezi wa Februari halisaidii. Baada ya hapo klachi itataka kubadilishwa, kisha radieta, kisha breki, na bei ile ya fundi itakuwa ni mwanzo tu. Ni sawa na kumshonea ngalawa tanga la jahazi bila kuugusa mlingoti. Kampuni ya bima nayo ni lazima iarifiwe.

Fedha hizo, au sehemu yake ndogo, zitumie hivi. Anza na matairi. Ubavuni mwa kila tairi, mwisho wa mfululizo unaoanza na herufi DOT, pana tarakimu nne: 2318 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Magari mengi ya mitumba huja na matairi yenye kashata nzuri lakini mpira umekuwa mgumu kwa umri, na tairi gumu haliongei, linateleza ghafla, hasa palipo na mchanga juu ya lami. Ukikuta yana zaidi ya miaka sita, yaondoe yote manne, nawe ubaki na saizi ile ile ya kiwandani. Kisha badilisha mafuta ya breki, kwa kuwa hufyonza unyevu wa hewani, na hewa ya pwani imejaa unyevu. Mafuta yaliyoingia maji huchemka mapema, hutoa mapovu, na pedali ikazama hadi chini siku unayoihitaji zaidi. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili. Shoku zilizokwisha kwa matuta na mpangilio wa magurudumu navyo vinahitaji kuangaliwa na fundi mwenye mashine ya kupimia.

Baada ya yote hayo, kama bonde lile bado linakukera, mwombe fundi anayezijua injini hizi akubadilishie bomba la ekzosi linalotoka moja kwa moja kwenye injini, na airekebishe programu ya kompyuta yake kulingana na bomba hilo. Kileleni hutapata farasi wengi, lakini bonde hupungua sana, na gia ya nne itakuwa na maana nyingine njia ya Gede.

SWALI: Nami nafikiria kuagiza MX-5 mpya mpya kutoka Japani. Nichukue ya lita 1.5 au 2.0? (Msomaji wa Watamu)

JIBU: Huko Japani, ambako gari hilo huuzwa kwa jina la Roadster, kizazi hiki kilichoanza mwaka 2015 kina injini ya 1.5 kwa lile la paa la kitambaa, na 2.0 kwa RF yenye paa gumu la kujikunja. La kitambaa jepesi kabisa lilikuwa na kilo 990 lilipoanza kuuzwa, na RF ina takriban 1,100. Kwa yote niliyomweleza ndugu wa Shella, mimi ningechukua la 1.5, ambalo injini yake hupenda kuzunguka na hutaogopa kuiachia. Kumbuka tu kwamba gari linaloingia Kenya lisizidi umri wa miaka 8. Likifika, kabla hujaliendesha mbali, mimina maji kidogo pembeni mwa paa nyuma ya viti uone kama yanatokea chini ya gari, kwa kuwa vitundu vya kutolea maji vikiziba, maji hukaa ndani ya bodi na kutu huanza pasipoonekana.