Ukikuta Jina la Babu Kwenye Daftari la Gereza

Ukianza kusaka ukoo wa Kiayalandi, kila mtu atakuonya kuhusu moto wa Dublin. Mwaka 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza tu, jengo la kumbukumbu pale Four Courts, kwenye majengo ya mahakama, lililipuka, na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851 zikateketea. Wasichokuambia ni kwamba madaftari mengi ya magereza, kuanzia 1790 hadi 1924, yalisalimika na sasa yanasomeka mtandaoni. Yaani karatasi za watu wema zimeungua, za wafungwa zipo.

Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Cork, kusini mwa Ayalandi. Mama mkwe ndiye aliyeniomba nimtafutie habari za babu yake mzaa baba. Sensa za 1901 na 1911 hutazamwa bure, nikaanzia hapo. Ya 1901 inamwonyesha babu nyumbani na mkewe na watoto. Ya 1911 hayupo, na bibi ameandikwa mjane. Nikatafuta kifo chake kati ya miaka hiyo, sikukiona. Nilimkuta gerezani mwaka 1913, kwa kosa la kumpiga mkewe, na haikuwa mara ya kwanza.

Ukifika hapo, kwanza hakikisha ni yeye. Cork imejaa kina Murphy na O'Sullivan, na nusu yao ni John au Patrick. Bahati nzuri daftari la gereza humwanika mtu: umri, kimo, rangi ya macho, alikozaliwa, dini, kazi, ndugu wa karibu. Huyu alikuwa kibarua, macho ya kijivu, futi tano na inchi sita, na kwenye safu ya ndugu kuna jina la bibi na kijiji chake. Visingelingana ningeachana naye. Kumzushia marehemu wa watu ni dhambi.

Halafu angalia mwaka kabla hujamtetea. Familia nyingi hupenda kusema babu alifungwa kwa sababu ya njaa, na kuna waliofungwa hivyo kweli. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852 iliua watu kama milioni moja, na mwaka 1847 ikatungwa sheria iliyofanya kuombaomba kuwa kosa la kifungo. Gereza la Kilmainham, kule Dublin, likafurika. Aliyeiba kondoo miaka ile akapakiwa meli ya Australia, mimi mwenyewe nitamtetea. Lakini hii ilikuwa 1913, na kosa ni ngumi. Usimtungie mtu kisingizio ambacho mkewe hakumpa.

Kwa mama mkwe sikutuma picha ya daftari kwenye simu, wala sikuiweka kwenye mti wa ukoo ambao binamu wote wanauona. Nilingoja siku tuko wawili, nikaanzia kwa bibi:

"Mama, sensa inasema bibi alikuwa mjane mwaka 1911. Nyumbani mlisikia hivyo?"

"Ndivyo baba alivyosema. Ila nikimuuliza kaburi liko wapi, anakuwa mkali."

Ndipo nikamwonyesha. Alisoma mstari mzima, akarudia tarehe, akahesabu kwa vidole baba yake alikuwa na umri gani. Akaniomba nimchapishie ukurasa wa bibi. Ule wa babu akasema niutunze, wajukuu wakiuliza wapewe.