Kabla Hujauliza Mwaka, Kinuse

Kitabu kilichoniharibia vitabu kumi na moja nilikinunua kwa Sh 4,000, kando ya barabara ya Samora, Dar es Salaam, mchana wa jua kali. Ilikuwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, toleo la 1963. Kijana muuzaji aliniona nimeinama muda mrefu akasema, "Dada, hicho orijino, ukikiacha hukipati tena." Hakusema uongo. Nilikuwa nimekitafuta miaka mitatu. Niliona unga wa kijivu kwenye mgongo wake, nikaupangusa kwa ncha ya mtandio, nikakitia mkobani. Nyumbani nikakichomeka katikati ya wenzake, kwenye kabati lenye milango ya kioo ambalo nililiringia sana wakati ule.

Masika yakaja. Mwezi wa tano nilipofungua kabati, harufu ilinipokea kabla sijaona kitu. Ukungu ulikuwa umetambaa kulia na kushoto kwa yule mgeni wangu, na vitabu vitatu vya mwisho vilikuwa vimeshikana kurasa.

Watu wengi wanaoanza kukusanya vitabu vya zamani huniuliza swali moja: nikikuta chapa ya kwanza iliyochakaa na chapa ya baadaye iliyo safi, nichukue ipi? Siku hizi kabla sijajibu nauliza, imechakaa vipi? Kwa sababu uchakavu wa kitabu, kwangu mimi, ni wa aina mbili. Kuna uliolala na kuna unaotembea.

Kava lililong'oka, doa la chai, kona zilizokunjwa, majina ya wanafunzi watano yaliyopangwa kwa miaka kwenye ukurasa wa kwanza, mistari ya kalamu nyekundu ya mwalimu: hayo yamekwisha kutokea. Kitabu kitakaa nayo miaka hamsini mingine bila kuzidi. Ukungu, mchwa na mende anayetafuna gundi ya mgongo bado wako kazini. Hata selotepu iko kazini: inageuka njano, gundi yake inazama kwenye karatasi, na mwisho utepe unabanduka wenyewe ukaacha doa lisilotoka. Pini za chuma kwenye vitabu vyembamba nazo, kwa hewa yetu ya pwani, hula karatasi kwa kutu taratibu.

Kwa hiyo nakinusa kwanza, hapo hapo barabarani, watu wacheke wakitaka. Halafu napitisha kidole: ukungu uliokauka hutoka kama poda, ulio hai huburutika na kuacha alama. Kisha nakigonga mara mbili juu ya kiganja. Kikidondosha ungaunga mpya, kuna mtu anaishi humo.

Upande wa toleo ndiko tunakodanganyana zaidi. Neno "orijino" kwa wauzaji wetu lina maana moja tu, kwamba si fotokopi. Halisemi lolote kuhusu chapa. Na sisi wenyewe tunachanganya toleo na chapa. Toleo likibadilika, maandishi yamebadilika. Chapa ikibadilika, mara nyingi mashine imewashwa tena tu. Swali langu la pili ni hilo: humu ndani kimebadilika nini?

Hiki cha Mwalimu kimebadilika, na ndiyo maana kilinitoa akili. Toleo la 1963 lilitoka jina la Julius likiwa bado na herufi zake za Kiingereza. Mwaka 1969 likaja lililosahihishwa, nalo ndilo lenye jina tunalolijua la Juliasi Kaizari. Ukiwa nayo mawili unamwona mtafsiri akijisahihisha, tena mtafsiri aliyekuwa Rais wa nchi wakati huo. Kwa kitabu cha namna hiyo nitakubali kisicho na kava, nitakubali kilichopasuka mgongo, alimradi kurasa zote zimo. (Zihesabu. Mwanafunzi aliyechana ukurasa mmoja ili akakariri mistari ya mtihani hakuwaza kuhusu wewe.)

Kamusi ya Johnson ya Kiswahili na Kiingereza ni habari nyingine. Ilitoka 1939, ikapigwa chapa tena na tena kwa miaka mingi. Mtu akikutajia bei kubwa kwa sababu yake ni ya zamani zaidi, mshukuru, uchukue ya baadaye yenye mgongo mzima. Utaifungua kila siku, na kamusi yenye mgongo uliokatika huanza kudondosha kurasa kuanzia herufi M, pale katikati inapokunjuliwa zaidi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, haiko hivyo: ya 1981 na ya 2004 ni matoleo tofauti kweli, na mimi ninayo yote mawili bila kujuta. Ile ya zamani nimeinunua chafu, kwa sababu naitumia kujua neno lilielezwaje wakati ule.

Kujua una nini mkononi, fungua ukurasa ulio nyuma ya ule wenye jina la kitabu. Hapo huorodheshwa miaka ya chapa. Vitabu vya wachapishaji wa nje mara nyingi huwa na safu ya namba, 10 9 8 7 na kushuka; ndogo kuliko zote iliyobaki ndiyo namba ya chapa. Kama ukurasa huo umechanwa, usikate tamaa. ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ya tarakimu 13 inaanzia 2007, kwa hiyo kitabu chenye namba hiyo hakikuchapwa miaka ya sitini hata kama jalada lake linafanana na la zamani. Kikitaja kuchapwa Tanganyika, umri wake unaujua. Kikiwa na nembo ya East African Literature Bureau, shirika la uchapishaji la Afrika Mashariki lililoanzishwa 1948, basi kimetoka kabla au karibu na Jumuiya ya kwanza kuvunjika 1977.

Jihadhari na vilivyobaindiwa upya. Vinavutia, vigumu, vinasimama vyenyewe kwenye rafu. Lakini mafundi wengi hutupa kava la asili, na mashine yao hukata pambizo. Nimewahi kukuta maoni ya msomaji wa zamani yamebaki nusu nusu ukingoni. Nachukua kilicholegea kuliko hicho. Na chenye muhuri wa maktaba bila muhuri wa kuonyesha maktaba yenyewe imekiondoa sichukui, kiwe chapa gani.

Kama kinachotembea ni mdudu, kitabu bado kina tumaini. Kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, kiweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko hadi siku ya pili, la sivyo kitatokwa jasho na karatasi italowa. Dawa hiyo haiui ukungu, inaulaza tu. Ukungu unataka ukavu na upepo: kitabu kisimame wazi kivulini, upanguse kwa brashi laini nje ya nyumba, pua umefunga. Jua la moja kwa moja litakipinda na kukipausha.

Kabati la kioo niliuza. Vitabu sasa viko kwenye rafu wazi, vimeachiwa nafasi kati yao na ukuta, feni inavifikia. Kila mgeni hukaa mwezi mzima peke yake kwenye boksi la viatu kabla ya kuwajua wenzake. Kile cha 1963 bado kiko kwenye boksi lake, mwaka wa sita huu. Cha 1969 nilikipata Mwenge kwa Sh 2,000, kisafi kama hakijawahi kufunguliwa, na ndicho ninachosoma. Nikitaka kulinganisha mstari natoa cha zamani, nasoma karibu na dirisha, nakirudisha, halafu nanawa mikono.