Kabla hujalipia tangazo, nionyeshe simu yako

Watu wakishajua kwamba kazi yangu ni matangazo, swali huwa ni lilelile: nitangaze redioni au Instagram? Siku hizi sianzi kulijibu. Naomba kwanza simu ya biashara, nafungua meseji za wateja na kusoma zilivyojibiwa. Mara nyingi tatizo lote liko humo.

Chukua mteja wangu mmoja, mtengeneza samani. Alilipia tangazo zuri tu: picha safi, meza inang'aa. Jumamosi saa tatu usiku mtu anaandika, "Habari, hiyo meza ya watu sita bei gani? Na mnaleta mpaka nyumbani?" Jibu linatoka Jumatatu mchana: "Karibu sana." Basi. Bei haikutajwa, usafiri haukutajwa, na chini yake wapo wengine wengi waliojibiwa hivyohivyo au hawakujibiwa kabisa. Alikuja kwangu akilalamika kwamba Facebook haileti wateja, akitaka pesa yote ihamie redioni. Redio ingemwongezea tu idadi ya watu wa kuwaudhi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza hauhusu tangazo lenyewe. Tafuta nani atajibu, saa ngapi, na kwa maneno gani. Programu ya WhatsApp Business, iliyotoka mwaka 2018, ni ya bure na ina kitu ambacho wengi hawakigusi: majibu ya haraka. Unaandika jibu kamili mara moja, lenye bei, muda wa kusubiri na namna ya kulipa, kisha kila unapolihitaji unaliita kwa alama ya mkwaju (/) na neno fupi. Ina pia ujumbe wa kujituma wenyewe mkiwa mmefunga. Hata ukisema tu "tutajibu kesho saa mbili asubuhi", mtu anatulia. Anayeachwa kimya anaenda kwa jirani.

Halafu hii tabia ya "bei inboksi". Wenye biashara huniambia wanaficha bei ili washindani wasiione. Ndugu yangu, mshindani wako anaijua bei yako tangu zamani. Aliiuliza kwa simu ya mke wake. Unayemficha ni mnunuzi, ambaye ana aibu ya kuuliza, au haraka, au hataki kuanza mazungumzo na mtu asiyemjua kwa ajili ya kitu ambacho pengine hakimudu. Kama bei inategemea ukubwa au idadi, andika "kuanzia" na utaje ya chini kabisa.

Sasa turudi kwenye redio na mitandao. Mimi sivishindanishi, kwa sababu havifanyi kazi moja. Redio humfikia mtu akiwa anaendesha gari, anafua au anapanga bidhaa, mikono yake haina nafasi ya kushika simu. Humzoesha jina lako kabla hajakuhitaji. Siku haja ikija ndipo anachukua simu na kukutafuta, na hapo ndipo pesa nyingi ya redio hupotelea, kwa sababu jina linalosikika siyo jina linaloandikwa. Ukurasa una namba katikati, kistari cha chini, "s" imegeuzwa "z" ili ionekane ya kisasa. Mtangazaji analitamka vizuri kabisa, msikilizaji anaandika alivyosikia, anaangukia kwa mtu mwingine. Kabla hujasaini mkataba wa redio, mpigie mtu asiyeijua biashara yako, mtajie jina mara moja tu, mwambie akutafute. Asipokupata, badilisha jina la ukurasa kwanza.

Kingine kuhusu redio: tangazo moja kwenye kipindi ghali ni pesa ya kujifurahisha. Bora saa ya kawaida, kila siku, muda uleule, mpaka msikilizaji akujue bila kujua alikujulia wapi. Na kituo kikikubali, mwombe mtangazaji aliseme kwa maneno yake mwenyewe. Sauti yake watu wameshaizoea na kuiamini; ile ya kurekodiwa studio wanaijua kuwa ni tangazo kabla sentensi ya kwanza haijaisha.

Maneno yawe machache. Tangazo la kwanza halali la biashara kwenye televisheni ya Marekani lilirushwa tarehe 1 Julai 1941, kabla ya mechi ya besiboli. Lilikuwa la saa za Bulova na lilichukua sekunde 10: picha ya saa, maneno machache, kwisha. Linganisha na yale ninayoletewa: huduma saba, matawi matatu, namba za simu mbili na salamu za mkurugenzi. Bango la barabarani ndiyo kabisa. Kanuni ya wazoefu ni maneno kama 7, maana dereva ana sekunde chache na anapaswa kuangalia barabara. Video za mtandaoni nazo, wengi huzitazama sauti ikiwa imezimwa, kwa hiyo jambo kuu liandikwe kwenye kioo, tena mwanzoni.

Kwenye matangazo ya kulipia ya Facebook na Instagram, kuna swali moja ambalo watu hulipita haraka: lengo lako ni nini? Ukichagua watu waipende na kuikomenti posti, mfumo utawatafuta wale wenye mazoea ya kupenda na kukomenti, na watafanya hivyohivyo, wakaishia hapo. Ukichagua meseji, unatafutiwa watu wenye mazoea ya kuandika. Unapewa ulichoomba, siyo ulichomaanisha. Na ukishalizindua, liache. Meta wenyewe, kampuni yenye Facebook na Instagram, husema mfumo unahitaji matokeo kama 50 ndani ya wiki moja ili utulie. Ukibadilisha mambo makubwa kila ukiamka, mfumo unaanza kujifunza upya kwa pesa yako. Wenye wafuasi wengi wanaotangaza kwa malipo sina mengi ya kusema juu yao, ila hili: soma komenti zao kabla ya kuangalia idadi. Kama zote ni emoji za moto na mioyo, hakuna anayenunua pale.

Utajuaje kipi kinaleta wateja? Kuuliza "umetusikia wapi?" kunasaidia, lakini usiliamini jibu moja kwa moja. Aliyeliona bango mwezi mzima atakwambia Instagram, kwa sababu ndiko alikopata namba. Mimi naongezea alama. Claude Hopkins, mtu wa matangazo wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa akitumia kuponi zenye alama tofauti kwa kila tangazo, akahesabu zilizorudi. Hiyo bado inafaa: namba ya simu ya redio iwe peke yake, kipeperushi kiwe na neno la siri la kupunguziwa bei, tangazo la mtandaoni liwe na ujumbe wa kuanzia uliokwisha kuandikwa. Kisha hesabu waliolipa. Waliouliza ni hesabu nyingine.

Mwisho, ukurasa wako siyo mali yako. Januari 2018 Facebook ilitangaza kwamba itatanguliza posti za ndugu na marafiki, na kurasa za biashara zikazidi kuonekana kwa watu wachache bila kulipia. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita, duniani kote. Wenye namba za wateja wao daftarini waliweza kupiga simu na kutuma meseji za kawaida. Wengine walikaa kusubiri. Kwa hiyo mteja akishalipa, mwombe jina na namba, na mwambie naye ahifadhi yako palepale. Hili la pili lina sababu: orodha ya kutuma ujumbe kwa wengi ya WhatsApp inachukua watu 256, na ujumbe huwafikia waliohifadhi namba yako tu. Anayekataa mwache. Usimwingize mtu kwenye grupu bila kumuuliza. Atatoka, na wengine wanakublokia kabisa.